Chai ya Pichi, Chungwa na Mchaichai

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilitutaka wasomaji tutaje kinywaji kimoja baridi cha ugenini ambacho mtu anaweza kukiandaa nyumbani bila kukipotezea ladha yake. Jibu langu ni chai ya matunda ya Vietnam, hasa ile iitwayo kwao trà đào cam sả, yaani chai ya pichi, chungwa na mchaichai, ambayo ni maarufu sana katika mikahawa ya Jiji la Ho Chi Minh, ambako joto halina msimu wa kupumzika. Naipendekeza kwa sababu viungo vyake karibu vyote vinapatikana katika masoko yetu, na pia kwa sababu wengi wanaoijaribu huishia kupata maji matamu ya matunda yenye rangi ya chai, ilhali chai ndiyo inayopaswa kusikika kwanza mdomoni.

Kazi huanza na mchaichai. Sisi tumezoea kutia majani yake ya juu katika birika, lakini Wavietnam hutumia zaidi sehemu ya chini ya bua, ile nene na nyeupe. Chukua mabua manne, ondoa maganda ya nje yaliyokauka, kisha yapondeponde kwa mchi mpaka nyuzi zake ziachane na harufu ikupande puani. Yatie katika lita moja ya maji, funika sufuria, na maji yakishachemka punguza moto, uyaache kwa dakika tano tu. Usiache kufunika, maana mafuta yanayobeba harufu hiyo huruka pamoja na mvuke.

Sasa epua sufuria ndipo utie chai nyeusi, vijiko vidogo vitano vilivyojaa. Hapa ndipo ninapoomba wasomaji wenzangu wawe waangalifu kabisa, kwa kuwa mazoea yetu ya chai ya maziwa yanatupotosha: tunachemsha majani hadi yaive sana, tukijua kwamba maziwa yatapunguza ukali wake. Chai hii haina maziwa, na ikichemshwa hivyo itakuwa chungu na yenye kukausha ulimi. Kwa upande mwingine, barafu itaizimua, kwa hiyo ni lazima iwe nzito. Na uzito huo utokane na wingi wa majani, si na urefu wa muda. Chai nyingi ya Kenya na Tanzania hukatwakatwa kiwandani ikawa chembe ndogo, nayo hutoa rangi upesi, hivyo dakika tatu au nne zinatosha kabla ya kuichuja.

Koroga sukari ndani ya chai ingali moto, kisha iache chai mezani ipoe taratibu. Chai nzito ikiingizwa kwenye friji ingali moto huweza kuvurugika rangi ikawa kama maji ya tope. Haidhuru afya, lakini uzuri wa glasi hupotea, na kikombe kidogo cha maji yanayochemka huweza kuirudisha hali yake.

Mapichi ya kopo yanafaa, na huko Vietnam kwenyewe mikahawa mingi hutumia hayo. Yakate vipande vyembamba, na shira yake uitie katika chai, ukipunguza sukari kwa kiasi hicho. Anayeweza kupata mapichi mabichi ya Lushoto ayachemshe kidogo na sukari mpaka yalainike, naye atapata harufu ambayo kopo haliwezi kuitoa. Pichi likikosekana, tumia pasheni, kwani Wavietnam nao hutengeneza chai ya tunda hilo; embe silishauri, maana uzito wake hufunika chai.

Machungwa mawili yakamuliwe chai ikishapoa kabisa, kwa sababu joto huua ule uchangamfu wa maji yake. Vipande vya chungwa vya kupambia viwekwe ndani ya glasi wakati wa kunywa tu, kwani utando mweupe ulio chini ya ganda hutoa uchungu ukilowa muda mrefu. Jaza glasi barafu, mimina chai, weka mapichi juu na bua moja la mchaichai la kukorogea. Ikishatiwa maji ya machungwa inywewe siku hiyo hiyo. Ile isiyotiwa matunda inaweza kukaa kwenye friji mpaka kesho yake.