“Elementi zenye kikomo” au “vipande”? Jibu kwa mhandisi anayeandika Kiswahili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi wa ujenzi, mwaka wa mwisho. Nimeombwa niandike makala fupi ya Kiswahili kwa ajili ya mafundi na wanafunzi wa vyuo vya ufundi, nieleze namna kompyuta inavyokokotoa kama boriti au ukuta utahimili mzigo. Njia yenyewe kwa Kiingereza inaitwa finite element. Nimekuta mahali pameandikwa “njia ya elementi zenye kikomo”, pengine “mbinu ya vipengele finiti”, na mwenzangu ananishauri niite “njia ya chembechembe”. Lipi ni sahihi? Halafu, niandike kwamba njia hii inatumika “kutatua matatizo ya miundo”? Na nisaidie kutenganisha mkazo, nguvu na shinikizo, maana kila ninapoyaandika yananigongana.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa wasomaji uliowataja, andika “njia ya vipande”. Pale unapoitaja kwa mara ya kwanza iandike kwa urefu: “njia ya vipande vinavyopimika”. Elementi litumie unapoandika ripoti itakayosomwa na wahandisi wenzako. Chembechembe liache kabisa. Na “zenye kikomo” nakusihi usiliandike popote, hata kwa wahandisi, kwa sababu linasema jambo ambalo njia hii haisemi.

Hebu tuanze na hilo. Mswahili akikuta neno kikomo anafikiria mwisho au mpaka usiovukwa: kikomo cha mwendo barabarani, kikomo cha umri wa kugombea. Kwa hiyo akisoma “elementi zenye kikomo” ataelewa moja kati ya mawili. Ama idadi ya elementi ina mwisho, ama kila elementi haitakiwi kuzidi kiasi fulani. La kwanza ni kweli lakini si habari, kwani hakuna kompyuta inayohesabu vitu visivyo na mwisho. La pili si kweli.

Jina lilizaliwa mwaka 1960. Ray Clough, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilitumia katika makala aliyoiwasilisha kwenye mkutano wa wahandisi mjini Pittsburgh. Kazi yenyewe ilikuwa imeanza kabla ya jina. Mwaka 1956 yeye pamoja na Turner, Martin na Topp walikuwa wamechapisha hesabu walizozifanya kwa ajili ya kampuni ya ndege ya Boeing, iliyokuwa inahangaika na mabawa ya umbo la pembetatu ambayo kanuni za kawaida za boriti hazikuyafaa. Na mwanahisabati Richard Courant alikuwa ameshaonyesha, katika makala ya 1943, kwamba ukitaka kujua mhimili unavyofanya kazi unaposokotwa unaweza kuugawa mkato wake katika pembetatu, ukakadiria ndani ya kila pembetatu, kisha ukaunganisha.

Sasa, Clough alipochagua jina alikuwa anajitenga na nini? Na kalkulasi. Mtu wa kalkulasi huligawa jengo katika vipande vidogo mno, vidogo kuliko kipimo chochote unachoweza kutaja, na juu ya vipande hivyo visivyo na ukubwa ndipo anapoandika mlinganyo wake. Vipande vya Clough vina ukubwa. Unaweza kuvichora kwenye karatasi, ukaweka rula, ukasema hiki kina sentimita 40 na kile kina 25. Neno la Kiingereza lililomo katika jina, finite, linapingana na udogo usiopimika. Halipingani na wingi usiohesabika. Kiswahili kinalo neno la hilo bila kuazima: kupimika. Ndiyo maana nasema vipande vinavyopimika. Ukitaka umbo fupi la istilahi, “vipande pimika” linawezekana kwa mtindo wa “nomino hesabika”, ila kwa mafundi litasikika kama neno la darasani.

Utaona mara moja kwa nini chembechembe halifai. Chembe ni mchanga, ni vumbi, ni damu chini ya hadubini. Neno hilo linampeleka msomaji kulekule kwenye udogo ambao Clough alitaka kuuepuka. Tena chembechembe hazishikani, zikimwagika zinatawanyika. Vipande vya njia hii vinashikana pembe kwa pembe, na kushikana huko ndiko kunakoifanya hesabu iwezekane. Kipengele nalo lina uzuri wake, lakini limeshazoea mambo yasiyoshikika: kipengele cha mkataba, kipengele cha sheria, vipengele vya fani. Kipande ni cha ubao, cha ardhi, cha mkate, kitu unachokishika. Wazee wa Kenya watakumbuka kipande cha enzi za ukoloni, kile kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukivaa shingoni, lakini katika sentensi inayozungumzia zege na nondo hakuna atakayechanganya.

Elementi tatizo lake ni kemia. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba oksijeni ni elementi na chuma ni elementi, ukimwandikia “elementi za chuma katika boriti” atadhani unazungumzia madini yaliyomo ndani yake. Miongoni mwa wahandisi halina shida. Ukilitumia, liweke kwenye ngeli yake: elementi hii, elementi hizi, elementi ndogo. Usiandike “maelementi” wala “elementi kidogo” ukikusudia udogo wake.

Kuna upande mmoja wa istilahi hizi ambao Kiswahili kimekwisha kuufanyia kazi, na hapa nafurahi. Mchoro wa vipande vyote vilivyoungana uite wavu. Pale vipande vinapokutana paite fundo, wingi mafundo. Na ukubwa wa mgawanyo useme kama wavuvi wanavyousema: wavu wa macho makubwa, wavu wa macho madogo. Fundi wa Bagamoyo au wa Kisumu hahitaji kuelezwa hilo. Ila chunga mpaka wa mfano huu. Katika wavu wa samaki nguvu iko kwenye uzi, na jicho ni uwazi mtupu. Katika hesabu ya jengo ni kinyume: mistari ni ya kuchora tu, na zege au chuma kimejaa ndani ya jicho. Kwa hiyo jicho litumie unapozungumzia ukubwa wa mgawanyo, lakini kitu chenyewe kinachobeba mzigo kiite kipande. Ukiandika “jicho lina ukakamavu wake” msomaji atakwama, na atakuwa na haki.

Nimetaja ukakamavu makusudi. Ndilo neno la ile hali ya kitu kukataa kubadilika umbo kinapobebeshwa mzigo. Wengi huandika ugumu, lakini ugumu unaweza kuwa wa jiwe lisilokwaruzika au wa mtihani. Kila kipande kina ukakamavu wake unaotokana na umbo na malighafi. Kompyuta inauweka wote kwenye jedwali moja kubwa la namba, inaandika milinganyo, na kutoka hapo inapata kila fundo limesogea kiasi gani. Mkazo, yaani nguvu ya ndani ya kitu iliyogawanywa kwa eneo, unahesabiwa baadaye, kutokana na kusogea huko.

Kwa nini nakomaa na ukubwa wa kipande? Kwa sababu hatari ya njia hii iko hapo, na jina linalouficha ukubwa linaificha hatari. Chukua mfano ambao unaweza kuuweka kwenye makala yako bila mchoro. Nondo imening'inizwa wima, haina mzigo mwingine ila uzito wake yenyewe. Chini kabisa mkazo ni sifuri, na unapanda sawasawa mpaka juu, pale inaposhikiliwa, ambako ndiko mkubwa kuliko kote. Sasa ifanyie hesabu kwa vipande vya aina sahili, vile ambavyo ndani ya kila kimoja mkazo unachukuliwa kuwa mmoja tu. Ukitumia kipande kimoja, kompyuta itakwambia mkazo wa juu ni nusu ya ule wa kweli. Vipande viwili vilivyo sawa, asilimia 75. Vinne, asilimia 87.5. Kumi, asilimia 95. Kusogea kwa mafundo kunakuja sahihi mara zote hizo, hata kwa kipande kimoja, na hilo ndilo linalomlaghai mtu: jibu moja ni zuri, akaamini na la pili. Kosa la mkazo liko upande wa kupunguza, yaani upande unaoua.

Hili lilitokea Norway. Tarehe 23 Agosti 1991, kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilikuwa kinashushwa majini kwa majaribio katika ghuba ya Gandsfjorden, karibu na Stavanger, kabla ya kupachikwa sehemu ya juu. Kitako hicho kilikuwa na vyumba 24 vya zege vilivyopangwa vikigusana, na pale vyumba vitatu vilipokutana palibaki uwazi mdogo wa pembetatu ambao maji ya bahari yaliingia na kuzisukuma kuta zake. Ukuta mmoja ukapasuka kwenye sehemu hiyo, maji yakaingia kwa kasi iliyozishinda pampu, na kitako chote kikazama. Kilipogonga chini, vyombo vya kupimia matetemeko vilisoma 3.0 kwenye kipimo cha Richter. Hakuna aliyekufa. Hasara ilikadiriwa kuwa karibu dola milioni 700.

Uchunguzi ulikuta kwamba hesabu ilifanywa kwa programu ya NASTRAN, programu inayoheshimika, lakini wavu kwenye kona zile ulikuwa na macho makubwa mno, na mkazo wa kukata, ule unaotaka kuutelezesha upande mmoja wa zege juu ya mwingine, ukakokotolewa pungufu kwa asilimia 47. Kuta zikajengwa nyembamba, na nondo za mahali hapo hazikufungwa ndani vya kutosha. Hesabu iliyorudiwa baadaye kwa uangalifu ilionyesha kwamba ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62. Ulipasuka kwenye kina cha mita 65 hivi. Programu ilikuwa inajua; haikuulizwa vizuri. Andika habari hii kwenye makala yako, mwanangu, na uiandike kwa “wavu wa macho makubwa”. Jaribu kuiandika kwa “elementi zenye kikomo” uone kama msomaji ataelewa ni nini kilichokizamisha kitako kile.

Sasa maneno yanayokugonganisha. Mzigo ni kile kinachobebwa: watu, magari, upepo, uzito wa slabu. Nguvu, au kani kama unapenda lugha ya vitabu vya fizikia, ni msukumo au mvuto wenyewe. Shinikizo na mkazo vyote viwili ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo, ndiyo maana vinachanganywa. Shinikizo linatoka nje na linasukuma juu ya uso, kama maji ya bahari kwenye kuta za Sleipner. Mkazo uko ndani ya kitu chenyewe, na unaweza kuwa wa kuvuta, wa kugandamiza au wa kukata. Kwa hiyo andika: shinikizo la maji lilizaa mkazo wa kukata ndani ya zege. Sisi watu wa lugha tunalo neno mkazo pia, la silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi, lakini tunaweza kuwaachia wahandisi na sisi tukabaki na shadda.

Neno moja zaidi, maana sioni likitumika na ni la thamani: kunesa. Ubao mrefu ukipita juu yake unanesa, ukishuka unarudi. Hiyo ndiyo hali ambayo hesabu nyingi za vipande zinaizungumzia, ya kitu kushuka kidogo chini ya mzigo na kurejea ukiondoka. Boriti iliyopinda haikuahidi kurudi. Andika “boriti imenesa milimita 12” na fundi yeyote aliyesimama juu ya jukwaa la mbao atajua unasema nini, kuliko “boriti imepata mpindiko”.

Kuhusu “kutatua matatizo ya miundo”, hapana. Hapo umefuata sentensi ya Kiingereza. Tatizo kwa Kiswahili ni jambo lililoharibika au linalosumbua, na msomaji atadhani una majengo yenye nyufa unayotaka kuyatibu. Na miundo siku hizi inakimbilia miundombinu. Sema unachofanya: “kukokotoa uimara wa majengo”, au “kufanya hesabu za majengo na madaraja”. Kama ni la kwenye mtihani, ni swali, nalo linajibiwa.

Mbinu au njia? Yote mawili yanaeleweka. Mimi nachagua njia kwa sababu hapa kuna hatua zinazofuatana, na mbinu husikika zaidi kwa ujanja wa mtu mmoja mmoja. Usibishane na mhariri kwa hilo.

Nakuandikia aya moja ya kuanzia, uibadilishe upendavyo:

“Katika njia ya vipande vinavyopimika, ukuta mzima hugawanywa katika wavu wa vipande vinavyoshikana kwenye mafundo. Kila kipande kina ukakamavu wake. Mzigo ukiwekwa, kompyuta hukokotoa kila fundo limesogea kiasi gani, na kutokana na hapo hupata mkazo ndani ya kila kipande. Pale ambapo mkazo hubadilika haraka, kama kwenye kona, kando ya tundu la dirisha au chini ya nguzo, wavu lazima uwe wa macho madogo. Mhandisi hurudia hesabu kwa macho madogo zaidi, na jibu likiendelea kubadilika sana, hesabu bado haijaiva.”