Jibu: Mkurugenzi anataka namba za wateja wapewe kampuni mshirika
Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: wateja waliacha namba zao ili wapelekewe mizigo, sasa mkurugenzi anataka orodha nzima iende kwa kampuni mshirika itangaze mikopo, na wewe wa mifumo ndiye unayeambiwa uitoe.

Kabla ya yote, soma upya fomu waliyojaza wateja. Mimi nilipobanwa hivyo, fomu ilisema "kwa ajili ya kufikisha mzigo" tu, na maneno hayo yalinisaidia kuliko hoja zangu zote. Sheria ya data ya Umoja wa Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika 2018, inafunga matumizi ya data kwenye lengo lililotajwa wakati wa kuikusanya. Faini yake hufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka duniani kote, chochote kilicho kikubwa. Kwa sheria ya kwenu, muulize mwanasheria wa kampuni.

Usimwendee bosi na neno "haiwezekani" peke yake. Mpe njia: kampuni yenu iwaandikie wateja kuomba ridhaa, na namba ya aliyekubali tu ndiyo itoke. Wangu alikubali, baada ya vikao vitatu vigumu. Agizo lolote tofauti na hilo liombe kwa maandishi.

Tena leo hii pitia kumbukumbu za mfumo uone nani ameshaipakua orodha. Kwangu ilikuwa tayari kwenye barua pepe za watu wawili, na kuifuatilia huko kulinichosha kuliko mjadala wenyewe.