Siku nzima kwenye maduka madogo ya vitabu: nenda machache, kaa sana

Watu wakisikia napenda kutenga siku nzima kuzunguka maduka ya vitabu swali la kwanza huwa ni unaenda mangapi, na jibu langu ni matatu, manne kama yamekaribiana. Najua ukifungua ramani kwenye simu unaona yamejaa mji mzima na unataka kuyamaliza yote, ila amini usiamini ukishafika la tano macho yashachoka, unapita tu kwenye rafu husomi kitu, unasoma majina ya vitabu kama mtu anayesoma mabango akiwa ndani ya basi. Machache, ukae sana. Hilo ndo la kwanza na mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Ninaposema maduka madogo naongelea yale ambayo mwenye duka kachagua mwenyewe kila kitabu kilichomo, siyo tawi la kampuni ambapo ofisi kuu ndo inaamua nini kikae mezani pale mlangoni. Kwenye duka la mtu binafsi mpangilio wenyewe tayari ni maongezi. Mfano Daunt Books ya Marylebone pale London, vitabu vingi wamevipanga kwa nchi, yaani unakwenda kwenye rafu ya nchi moja unakuta riwaya, historia na vitabu vya safari vya hiyo nchi viko pamoja, kwahiyo uliyeingia kutafuta ramani unaweza kutoka na mashairi. Au City Lights ya San Francisco, ilianza 1953 ikiuza vitabu vya jalada laini tu, kipindi ambacho wauzaji wengi hawakuvipa heshima. Mtu aliamua. Sasa na wewe kwenye mji wowote uliopo, ukiingia duka jipya usikimbilie sehemu unayoijua, zunguka kwanza raundi moja mikono nyuma, angalia kimewekwa nini mbele, angalia kama kuna vikaratasi vya kuandikwa kwa mkono chini ya vitabu, halafu tafuta rafu ambayo ni kubwa kuliko ukubwa wa duka unavyoruhusu. Ukikuta duka dogo lina rafu tatu nzima za vitabu vya ndege au vya tafsiri kutoka lugha ambazo huzijui, hapo ndo moyo wa mwenye duka ulipo, na mimi vitabu vyangu vizuri kabisa nimevipata kwenye rafu za namna hiyo hata kama mada yenyewe sikuwahi kuifikiria.

Halafu ongea na muuzaji, jamani. Hii ndo sehemu wengi wanaiogopa na ndo yenye faida kuliko zote. Usimuulize tu "kitabu kizuri ni kipi" maana hajui wewe ni nani, atakupa kinachouzika basi. Mtajie kitabu kimoja ulichokimaliza juzi juzi na umwambie ulipenda nini hasa, kwamba mwandishi hana haraka, au kwamba mhusika mkuu alikukera lakini ulishindwa kumuacha. Hapo utamuona anatoka kaunta. Na swali langu ninalolipenda zaidi: ni kitabu gani wewe unakipenda na hakinunuliwi? Kila muuzaji anacho. Wengine watakuonyesha viwili vitatu na watakueleza kwa nini hawajakirudisha kwa mchapishaji mpaka leo, na hata usipokinunua umeshajifunza kitu ambacho programu ya mapendekezo kwenye simu haiwezi kukupa, kwa sababu yenyewe inakuletea vinavyofanana na ulivyokwisha nunua. Chagua tu muda, kama kuna foleni au anafungua maboksi ya mzigo mpya muache kwanza.

Ndiyo maana napendelea siku ya kawaida katikati ya wiki, asubuhi. Marekani wana siku yao maalumu ya maduka haya, Jumamosi ya mwisho ya Aprili, na kwenye miji kadhaa maduka yanashirikiana, unapewa kadi kama pasipoti unagongewa muhuri kila duka unaloingia. Ni raha kweli, ina shamrashamra na inawaingizia hela, nenda kama unaweza, ila siku hiyo hutapata mtu wa kukaa na wewe dakika ishirini mkibishana kuhusu mwandishi. Na kabla hujatoka nyumbani piga simu, haya maduka mengi yana siku yao ya kufunga na saa zilizoandikwa mtandaoni mara nyingine ni za zamani.

Duka la vitabu vilivyotumika liwe la mwisho maana linakula muda na begi linakuwa zito. Pale angalia haya: fungua kitabu katikati uone kama gundi imeachia, nusa, kikiwa na harufu ya unyevu kiache hata kama ni cha bure kwa sababu ukungu unahamia kwenye vitabu vyako vingine. Ukurasa wa haki miliki mara nyingi una mstari wa namba, ile ndogo kabisa iliyobaki ndo inakuambia ni chapa ya ngapi. Na kama unasaka kitabu cha zamani sana usitegemee ISBN, ile namba ya utambulisho ya kitabu, maana ilianza kutumika kimataifa 1970, tafuta kwa jina la mwandishi na mchapishaji.

Hela sasa. Panga bajeti kabla, igawe kwa idadi ya maduka, na jitahidi kila duka utoke na kitu hata kiwe kitabu chembamba. Kitu kinachoniuma kwa kweli ni watu kupiga picha jalada, kumchosha muuzaji kwa maswali, halafu kwenda kuagiza kwenye duka kubwa la mtandaoni kisa kuna punguzo. Lile duka kubwa linanunua kwa wingi linapewa punguzo na wachapishaji, na linaweza hata kuuza kwa hasara ili likuvute, huyu mwenye rafu sita hawezi. Ufaransa waliliona hilo mapema, tangu sheria ya 1981 muuzaji haruhusiwi kushusha bei ya kitabu kipya zaidi ya asilimia 5 chini ya bei aliyopanga mchapishaji, kwahiyo mdogo na mkubwa wanapambana kwa huduma. Kwingine kwingi hakuna ulinzi huo, kuna wewe tu mnunuzi. Kitabu kama hakipo mwambie akuagizie, wengi wanapokea oda na unasubiri siku chache tu.

Nenda peke yako au na mtu mmoja anayesoma, na mkubaliane mkiingia kila mtu na njia yake. Kati ya duka na duka kaa mahali usome kurasa za mwanzo za ulichonunua, usisubiri usiku. Na kile ulichopewa na muuzaji kwa lile swali la kitabu kisichonunuliwa, kianze hicho kabla ya vingine vyote, ukimaliza rudi ukamwambie umekionaje, hata kama hukukipenda mwambie ukweli, maana mara ya pili atakuwa anakujua na atakachokutolea kitakuwa tofauti kabisa.