Shangazi, benki wanasema hawanijui

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi kijijini na mama yangu mzazi. Nalima, na msimu wa shamba ukiisha nashona nguo. Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili, siku hizi ananitambua kwa sauti. Paa la nyumba nalo linavuja. Nilikwenda benki mjini, safari ya nusu siku, wakaniambia sina historia ya mikopo wala hati ya mshahara, hawawezi kunipa kitu. Hapa kijijini yupo mzee anayekopesha kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Amekubali kunipa fedha zote, ila nimpelekee hati ya shamba la mama na nisaini karatasi ya mauziano. Anasema ni ya kujilinda tu, deni likiisha ataichana. Amenipa miadi ya Jumamosi. Kaka yangu anafanya kazi mbali, sijamwambia. Kwa ndugu wengine siwezi kwenda, maana miaka mitatu iliyopita nilikopa kwa binamu yangu nikashindwa kurudisha, na tangu hapo tunakwepana. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo, na pole zaidi kwa kuubeba peke yako. Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila nikifika kwenye neno "mauziano" nasimama.

Kwa hiyo nianze na Jumamosi. Usisaini. Karatasi ya mkopo husema: fulani amekopa kiasi hiki, atarudisha kiasi hiki, mwisho tarehe fulani. Karatasi ya mauziano husema: fulani ameuza shamba lake, amepokea fedha yake yote, hana madai. Siku mkikosana, hakuna atakayeuliza mlinong'onezana nini barazani. Kitasomwa kilichoandikwa, na jina lako litakuwa pale chini. Tena shamba lenyewe si lako, ni la mama, ambaye kwa hali ya macho yake hawezi hata kuona anawekewa karatasi gani aweke kidole. Mwambie mzee kwa heshima zote: kama ni mkopo, tuuandike kama mkopo, mbele ya mashahidi, na kila mtu abaki na nakala yake. Akikataa, basi amekwisha kukuambia anachokitaka ni nini.

Sasa hiyo asilimia 20. Masikioni inaonekana ndogo kwa sababu inatajwa kwa mwezi. Chukua mkopo wa 100, fedha yoyote ile. Ukilipa riba tu kila mwezi bila kuugusa mkopo wenyewe, mwaka ukiisha umetoa 240, na zile 100 bado unadaiwa kamili. Ukishindwa kulipa na riba ikaanza kuzaa riba, 100 inapita 200 ndani ya miezi minne, na mwaka ukigeuka inakaribia 892. Wewe ni mkulima, fedha yako kubwa huja na mavuno. Deni la namna hii halijui msimu, linakula hata mwezi ambao ghala ni tupu. Ndiyo maana watu huiita mikopo kausha damu, na ndiyo maana mkopeshaji anataka hati ya shamba, wala hajauliza mavuno yako ni lini. Hesabu anaijua kuliko wewe.

Baada ya hapo, tuupunguze mkopo kabla hatujautafuta. Umeyafunga macho ya mama na paa katika furushi moja, na furushi likawa zito mpaka ukaona mtu pekee wa kulinyanyua ni yule mzee. Lifungue. Paa linavuja, ni kero kweli, lakini linaweza kuzibwa sehemu iliyo mbovu kuliko zote na nyingine ikangoja mavuno. Macho ndiyo ya kwanza. Je, aliyesema ni mtoto wa jicho ni mtaalamu wa macho, au ni majirani? Nauliza kwa sababu mtoto wa jicho kwa kawaida huja polepole, na akiondolewa mgonjwa huona tena. Lakini yapo maradhi mengine ya macho, kama glakoma, ambayo uoni ukishapotea haurudi, na hayo hayangoji. Mpeleke apimwe, uliza ni nini hasa na kinaweza kusubiri miezi mingapi. Ukiwa hapohapo, uliza mambo mawili ambayo watu huona haya kuyauliza: je, kuna kambi ya macho inayokuja, na je, naweza kulipa kwa awamu, jicho moja kwanza? Upasuaji wa mtoto wa jicho ni miongoni mwa tiba ambazo mara nyingi hupelekwa vijijini na hospitali na mashirika, bure au kwa gharama ndogo. Inawezekana sehemu kubwa ya deni unalolitafuta haihitajiki kabisa.

Kitakachobaki ndicho tukitafutie mkopo.

Benki walipokuambia hawakujui, usidhani wamekudharau. Wamesema ukweli wa karatasi. Mtu anaweza kuwa mwaminifu miaka 40 katika kijiji chake, na kama uaminifu huo haukuandikwa mahali, afisa mikopo hana cha kuweka kwenye faili. Kazi yako kuanzia leo ni kuuandika. Fungua akaunti kama huna, au tumia ya simu, na fedha ya ushonaji ipitie humo hata kama unaitoa siku hiyohiyo. Baada ya miezi sita unachapishiwa taarifa inayoonyesha fedha inaingia. Risiti za mnunuzi wa mazao usizitumie kuwashia moto. Daftari la wateja wa nguo liwe na tarehe, kiasi na saini. Na ukikopa mahali, hata kidogo, uliza: je, mkinikopesha na nikilipa vizuri, mnapeleka taarifa zangu kwenye ofisi ya kumbukumbu za mikopo? Wapo wanaopeleka habari mbaya tu, na wapo wasiopeleka chochote. Kuwalipa hao wa mwisho vizuri ni jambo jema, ila benki haitalijua kamwe.

Lakini hiyo ni kazi ya mwaka ujao, na macho ya mama ni ya sasa. Kwa sasa mlango wako ni kikundi.

Huko Ujerumani, karne ya 19, wakulima walikuwa wakipoteza mifugo na ardhi kwa wakopeshaji wa aina ya huyo mzee wako. Meya mmoja wa vijijini, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, akaanzisha mwaka 1864, katika kijiji cha Heddesdorf, chama ambamo wakulima waliweka na kukopeshana wenyewe, na deni la mmoja likadhaminiwa na wote. Kiliwezekana kwa sababu moja: jirani anajua kile ambacho benki haijui. Anajua nani huamka mapema, na nani akipata fedha hulewa. Mwaka 1991 huko Niger, shirika la CARE likaanza na wanawake wa vijijini mtindo mwepesi zaidi, usiohitaji ofisi wala mtaji wa nje, na ndio uliosambaa kila mahali hadi leo tunauona jambo la kawaida: watu 15 mpaka 25, sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Kila kikao mtu ananunua hisa, moja hadi tano, anagongewa muhuri kwenye kitabu chake. Unakopa mpaka mara tatu ya hisa zako, riba mnajipangia wenyewe, na mwisho wa mzunguko mnagawana, kwa hiyo hata ile riba uliyolipa sehemu yake inarudi mfukoni mwako. Vingi vina mfuko wa jamii pia, pembeni na mkopo, kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Huo unamhusu mama moja kwa moja.

Kama kipo kikundi karibu na wewe, kaa kikao kimoja kama mgeni kabla hujajiunga, na uangalie jinsi fedha inavyohesabiwa. Inahesabiwa katikati, kwa sauti, kila mtu akiona? Sanduku linafunguliwa mbele ya wote, au mweka hazina anakuja na fedha kwenye mkoba wake na daftari analolisoma yeye peke yake? Hapo ndipo uzima wa kikundi unapoonekana, kuliko katiba yao hata ikiwa nzuri namna gani.

Kama kuna chama cha akiba na mikopo kilichosajiliwa, nenda ukaulize pia. Mara nyingi watataka uweke akiba miezi kadhaa kwanza na ulete wadhamini. Uliza swali hili kwa maneno haya: riba inahesabiwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, au kwenye salio linalopungua? Si swali la kisomi. Mkopo wa 1,200 wa miezi 12 kwa asilimia 24 kwa mwaka, riba ikihesabiwa kwenye mkopo wote, unalipa riba 288. Ikihesabiwa kwenye salio, huku ukipunguza 100 kila mwezi, unalipa 156. Asilimia ni ileile, tangazo ni lilelile, fedha tofauti. Halafu omba marejesho yafuate msimu wako: kidogo kutoka kwenye ushonaji kila mwezi, na kubwa baada ya mavuno. Afisa anayejua vijiji atakuelewa. Na kama pana ghala linalotoa stakabadhi, mazao uliyoyahifadhi yanaweza kuwa dhamana yako badala ya ardhi.

Mikopo ya simu nitaigusa tu. Ukiambiwa 100, ukapokea 90 kwa sababu ada imekatwa mwanzoni, na baada ya siku 30 unarudisha 110, umelipa 20 juu ya 90, yaani zaidi ya asilimia 22 kwa mwezi. Umemkimbia mzee ukamkuta mwenzake ndani ya simu. Na baadhi ya programu hizo huchukua majina yote uliyohifadhi, ukichelewa wanaanza kuwapigia ndugu.

Kuhusu wadhamini, nikuambie jambo langu. Niliwahi kumdhamini rafiki, nikasaini nikidhani nashuhudia tabia yake. Alipohama, mimi ndiye nililipa, miezi minane. Fedha iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuniambia mapema kuwa anazama. Angesema mwezi wa kwanza, tungekwenda pamoja tukaomba tarehe mpya. Kwa hiyo utakayemwomba akudhamini, mweleze kwamba ukishindwa atalipa yeye, na umwahidi kwamba siku mambo yakianza kuharibika atakuwa wa kwanza kujua.

Na hapo ndipo ninapofika kwa binamu yako, mwanangu. Naona umeandika habari zake mwishoni, kwa sentensi moja, kama mtu anayepita haraka mbele ya nyumba ambako hataki kuonwa. Mimi naona ndiyo barua yote. Ulikwenda benki ya nusu siku kwa sababu pale hakuna anayekujua. Ulikwenda kwa mzee kwa sababu yeye haulizi ya nyuma, anauliza hati. Kikundi nilichokueleza kinakopesha watu kwa majina yao, na jina lako limekwama nyumbani kwa binamu yako. Utakapoomba kujiunga, wataulizana kabla hujafika mlangoni, na watakuwa na haki.

Si kushindwa kulipa deni lile kulikokuharibia sifa. Watu hushindwa, mvua hugoma, watoto huugua, kila mtu kijijini analijua hilo kwa sababu limempata. Lililokuharibia ni kunyamaza miaka mitatu. Anayenyamaza huonekana amekusudia.

Kaka yako naye apewe habari. Mama ni wenu wote, na shamba ni jambo lake pia. Usimpigie simu kuomba fedha. Mpigie umweleze macho ya mama yamefikia wapi, yule mzee alitaka nini, na wewe umekataa nini. Huenda akasaidia, huenda akakugombeza kwanza. Mwache agombeze. Vyovyote itakavyokuwa, hakuna tena atakayekuja kesho na karatasi ambayo mmoja wenu anaijua na mwingine haijui.

Lakini kwa binamu nenda wewe mwenyewe, kwa miguu yako, kabla ya hiyo Jumamosi. Usiende mikono mitupu. Shona nguo mbili, uza kitu kidogo, upate hata sehemu ya kumi ya deni lake, uishike mkononi. Chukua daftari, andika juu deni lote, andika chini ulicholeta leo, na acha nafasi ya tarehe zinazofuata, tarehe unazoziweza kweli hata kama ni ndogo za kuchekesha. Usianze na machozi wala na habari za mama, atadhani umekuja kukopa tena. Akifungua mlango, msalimie, halafu litaje deni lake wewe, kabla yeye hajalitaja.