Maswali Yenu ya Misitu: Hesabu ya Miche Baada ya Mbao Kuvunwa

SWALI: Jumuiya yetu ya msitu ina hekta 20 ambako sipresi ilivunwa, na Aprili tukapanda upya kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5. Baadhi yetu wanasema msitu umerudi kwa kuwa miche 32,000 imepandwa. Wengine wanaona mapengo. Ni kipimo gani kitamaliza ubishi huu? – Elburgon

JIBU: Hiyo 32,000 ni idadi iliyotoka kitaluni. Kujua iliyo hai kunahitaji kamba ya mita 5.64, kijiti na daftari. Ukizungusha kamba hiyo unapata duara la mita mraba 100, yaani sehemu moja ya mia ya hekta. Kwa nafasi yenu, duara lililojaa lina miche 16.

Wekeni duara moja kila mita 100, kwenye mistari iliyoachana mita 100. Mtapata kama maduara 20. Vituo vichorwe kwenye ramani kabla hamjaondoka ofisini, kwa maana wahesabuji wakiachiwa kuchagua watasimama kando ya barabara, ambako palizi huwa safi kwa ajili ya wageni. Duara likiangukia rundo la matawi, hesabuni papo hapo, hata jibu likiwa sufuri. Kwenye mteremko kamba ivutwe mlalo hewani. Ukiilaza ardhini, duara linapungua.

Tuseme mmepata miche hai 232 kwenye maduara 20. Wastani ni 11.6, sawa na miche 1,160 kwa hekta, au asilimia 72.5. Sisi tungefidia, yaani kupanda mche mpya pale mwingine ulipokufa, chochote kilicho chini ya asilimia 80. Ila wastani hudanganya. Maduara 15 yaliyojaa na matano matupu hutoa asilimia 75. Maduara 20 yenye miche 12 kila moja hutoa 75 vilevile. Kule kwa kwanza mna kama hekta tano za nyasi tupu, kwa pili mapengo yametawanyika na matawi yatayafunika. Kwa hiyo andikeni pia ni maduara yapi yana miche chini ya 8, na fidia ianzie hapo.

Hesabuni Julai, kisha mwishoni mwa Februari kiangazi kikiwa kimeshachuja, ili miche ya kufidia iwe tayari kwa mvua za Aprili. Kufidia mwaka wa tatu ni hasara: mche unakulia kivulini na kubaki fimbo.

Kila mche mfu ung'olewe utazamwe. Mzizi uliojikunja kama ndoana unasema shimo lilikuwa fupi. Sentimita 30 kwenda chini ndizo zinazofaa. Mfuko wa plastiki ukiwa bado umevaa mizizi, kosa ni la mpanzi. Mzizi uliotafunwa chini ya udongo ni kazi ya fuko. Shina lililokatwa safi karibu na ardhi ni jembe la mwenye viazi, na si kila mara kwa bahati mbaya: chini ya PELIS, mpango unaomruhusu mkulima kulima mazao katikati ya miche michanga ya msitu, miti ikifunga kivuli, shamba lake limekwisha. Mkifidia bila kujua kilichoua, mtafidia tena mwakani.

SWALI: Kipande cha msitu wa asili kilichokatwa miti zamani sasa kimejaa mipera. Tuing'oe tupande? – Kakamega

JIBU: Msiing'oe kwanza. Ndege na nyani hufuata mapera na kudondosha mbegu za miti ya msituni, kwa hiyo ingieni chini ya mipera na kamba ileile. Hapa hatutafuti 16, tunahesabu aina. Mkikuta machipukizi ya mwiritsa, musutsu na mingineyo yaliyopita magoti, punguzeni tu matawi ya mpera yanayoyafunika. Mkikuta mipera na nyasi peke yake, pandeni.

SWALI: Visiki vya mikaratusi vinavyochipuka navyo vihesabiwe? – Luanda, Vihiga

JIBU: Ndiyo, lakini hesabuni visiki vilivyo hai, si machipukizi. Kisiki kikatwe kama sentimita 10 kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasituame, na gome lisichanike. Punguzeni machipukizi mara mbili: yabaki mawili au matatu kwanza, baadaye moja. Bakizeni yaliyoshika chini kabisa. Yaliyoota juu ya kisiki hubanduliwa na upepo.