Filamu ya taharuki, mwanzo wa harusi

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Kigoma mjini, nimemaliza kupiga filamu yangu ya kwanza, ya taharuki, dakika 40. Inahusu mvuvi wa Kibirizi ambaye mtumbwi wake ulirudi bila yeye. Mwanzoni nimeweka ziwa kwa droni jua likizama, kinanda cha taratibu na majina ya rangi ya dhahabu yanayozunguka. Niliowaonyesha walidhani ni muvi ya mapenzi. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kufika mwisho, maana wengi huishia njiani. Hao watazamaji wamesoma ulichowaandikia. Dhahabu inayozunguka juu ya jua linalozama ni lugha ya video za harusi, na kwetu kila mtu ameziona. Ndani ya sekunde chache mtu ameshajiandaa kuona mapenzi, na kumgeuza baada ya hapo ni kazi kubwa.

Itafute filamu ya taharuki ya Psycho ya mwaka 1960, mwanzo wake tu. Saul Bass, aliyeubuni, hakuweka kisu wala damu. Kuna mistari tu inayopita kwa kasi na majina yanayokatika vipande, huku vyombo vya nyuzi vya mtunzi wa muziki wake, Bernard Herrmann, vikikwaruza masikio. Hujaona baya lolote, lakini mwili umeshakaza. Katika Se7en ya 1995, filamu ya kumsaka muuaji, mbunifu wa mwanzo wake Kyle Cooper alitumia herufi zilizokwaruzwa kwa mkono, zinazotetema, na vidole vinavyoshona kurasa za daftari. Mikono ya muuaji tunaiona, uso hatuuoni. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe: mpe mtazamaji kitu cha kushika, siri ibaki kwako.

Sasa njoo kwenye ziwa lako. Droni iweke kando. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakati mwezi haupo, kwa hiyo hadithi yako inaishi gizani. Simamisha kamera ufukweni, isitikisike, upige taa za wavuvi zikiwa mbali, nukta sita au saba juu ya weusi mtupu. Majina yaweke madogo, meupe, herufi nyembamba, yakitokea polepole moja moja karibu na taa hizo, kana kwamba nayo yanaelea. Kila jina lipe sekunde tatu; kwa fremu (picha moja moja za video) 24 kwa sekunde, hizo ni fremu 72. Kisha zima taa moja. Usiisogelee, usiiwekee mlio wa kushtua. Jina la filamu litokee pale pale ilipokuwa.

Kinanda kitoe chote. Rekodi injini ya boti na maji yanayopiga ubao, halafu injini ikate sekunde mbili kabla ya taa kuzimika. Ukimya huo utafanya kazi kuliko muziki wowote wa kununua. Mwanzo mzima usizidi dakika moja, kwa filamu ya dakika 40 inatosha kabisa.

Kuhusu fonti, yaani mtindo wa herufi, usihangaike sana. Chagua moja tu, isiyo na mapambo.

Ukimaliza, mwonyeshe mama mmoja wa dagaa pale mwaloni asiyejua hadithi yako. Simamisha picha kwenye jina la filamu, umuulize kitakachofuata. Akisema kuna mtu hatarudi, usiguse tena kitu.