Wazazi wenye ulemavu wa akili: mzigo ugawanywe vipi

Mdogo wangu wa Chamwino, umeuliza utamalizaje kidato cha tatu huku ukisimamia dawa, chakula na wadogo zako, kwa kuwa baba na mama wana ulemavu wa akili.

Anza na chakula, maana hapo ndipo walanguzi huwaonea. Mtama ukishavunwa upimeni kwa debe, wa kila mwezi ufungwe kwenye mfuko wake. Wa kuuza uuzwe mbele ya shangazi au balozi wa nyumba kumi. Mama akiachwa peke yake na mnunuzi atakubali bei yoyote ili asionekane hajui.

Dawa ya maji ya mtoto: mwombe mfamasia bomba lisilo na sindano, aweke alama ya kipimo kwa kalamu. Vijiko vya nyumbani havilingani. Mwonyeshe mama hatua moja, airudie mbele yako, kesho mrudie tena. Hatua tatu kwa mkupuo zitamchanganya. Na usimsahihishe mbele ya wageni!

Kupika na kuchota maji wazazi wanaweza, usiwapokonye.

Shuleni, mwalimu wa malezi ajue kwa nini unachelewa. Kisha mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Akikuzungusha, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.